Vumbi Katika Jicho la Redio

Dominika ya 8 ya Mwaka C
Masomo: YbS 27:4-7, Zab 92, 1Kor 15:54-58, Lk 6:39-45



Katika Injili ya leo Bwana wetu anauliza inakuwaje mtu akione kibanzi kilichomo katika jicho la ndugu yake, na boriti iliyomo katika jicho lake mwenyewe asiitambue. Waliousikia mfano huu kwa mara ya kwanza huenda walicheka, maana boriti ni gogo la kubebea paa la nyumba, nalo halienei jichoni mwa mtu. Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala. Alizijua boriti na alivijua vibanzi. Lakini kicheko hicho hakidumu. Ndani ya mfano huu mna jambo ambalo, katika nchi yetu hii ya kando ya ziwa, limewahi kumwaga damu ya watu wasio na hatia. Ili tulifahamu vema, tunawaomba mtufuate hadi Pasiansi, katika nyumba moja ambamo tuliisoma Injili hii upya mbele ya redio mbovu.

Wengi wenu mnaifahamu Pasiansi, kwenye barabara itokayo mjini Mwanza kwenda uwanja wa ndege, mbele ya Kirumba. Katika nyumba hiyo aliishi baba mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara. Mwaka 1998, baada ya kujinyima kwa muda mrefu, alinunua redio kubwa ya aina iliyokuwa fahari ya sebule nyingi miaka ile: chombo kimoja chenye redio, nafasi mbili za kanda za kaseti, sinia la kupokea diski tatu za CD, rimoti, taa zilizopanda na kushuka kwa kuufuata muziki, na spika mbili zilizosimama kushoto na kulia kama walinzi wa mlango.

Vijana wa leo, ambao muziki wao wote umo katika simu, huenda wasielewe fahari hiyo. Chombo kile kilikusanya katika sanduku moja kazi ya vizazi viwili. Kanda ya kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba, ulitoa Konstitusio juu ya Liturujia pamoja na Hati juu ya vyombo vya upashanaji habari. Kwa kanda hizo kwaya zetu nyingi zilijifunza nyimbo mpya za Kiswahili, kanda ikizunguka kutoka kigango hadi kigango mpaka utepe wake ukachakaa. Diski ya CD ilikuja baadaye, ikiwa kazi ya Philips pamoja na Sony ya Japani, ikaanza kuuzwa mwaka 1982.

Redio hiyo haikuwa ya mwenye nyumba peke yake. Alhamisi tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alipolitangazia Taifa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia huko London, majirani walikusanyika katika ua ule. Spika zilitolewa nje, na siku zile zote za maombolezo watu walikaa hapo wakisikiliza, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wahaya. Hapo ndipo nyumba ile ilipopata sifa ya kuwa nyumba ya watu wote.

Mwaka 2006 baba huyo na mkewe waliadhimisha jubilei ya miaka 25 ya ndoa. Watoto wakapeleka kinasa sauti, na baadaye wakatengenezewa diski moja yenye nyimbo za kwaya na, mwishoni, maneno ya shukrani aliyoyasema baba yao. Miaka ikapita. Baba akafariki. Diski ile ikawa hazina: haikuchezwa ovyo, ilitunzwa kabatini katika kitambaa cheupe.

Ilipotimia kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo chake, tuliadhimisha Misa asubuhi, kisha tukarudi parokiani. Jioni, baada ya chakula, ukoo na majirani wakaketi ili wasikie sauti ya marehemu. Diski ikawekwa. Sinia likaingia. Ikasikika ikizunguka kidogo, ikasita, ikazunguka tena, ikanyamaza. Kisha katika kile kioo kidogo cha mbele yakatokea maandishi ya kuarifu kwamba ndani hamna diski. Wakaitoa, wakaifuta, wakairudisha. Jibu likawa lile lile: hamna diski. Walijaribu kanda, ikaimba. Walijaribu stesheni za redio, zikasikika vizuri. Sauti ya baba peke yake ndiyo iliyokataa.

Hapo ndipo jambo baya lilipoanza. Kijana mmoja wa nyumba hiyo akasema kwamba asubuhi alimwona bibi yake, mama mzazi wa marehemu, amesimama peke yake mbele ya redio, akiipapasa kwa kanga yake. Hakusema zaidi. Hakuwa na haja ya kusema zaidi. Bibi huyo alikuwa na umri uliopita miaka 80, mjane, mnyamavu, na macho yake yalikuwa mekundu.

Ndugu wapendwa, ninyi mnaotusikiliza kutoka Usukumani mnajua maana ya maneno hayo mawili. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, miaka ya 1980, miaka ya 1990 na hata baadaye, wazee wengi, hasa akina mama wajane, waliuawa kwa mapanga usiku kwa kushukiwa uchawi. Na mara nyingi ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu. Wala macho hayo hayakuwa na siri yoyote. Mwanamke aliyepika maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni, au kwa mavi makavu ya ng'ombe pale miti ilipokwisha, macho yake hayawezi kubaki meupe. Kilichosomwa kama alama ya uovu kilikuwa alama ya kazi. Watu walikula ugali wake, kisha wakamhukumu kwa moshi ulioupika.

Usiku ule maneno yalitoka sebuleni yakaenda uani, yakatoka uani yakaenda barabarani. Wengine walisema sauti ya marehemu imefungwa. Mmoja akataja mganga wa ramli ambaye angeendewa alfajiri. Vijana wasio wa nyumba ile wakaanza kusimama langoni.

Katekista wa kigango alikuwapo. Alitupigia simu. Na hapa imetupasa kuungama mbele yenu kosa letu. Tulikuwa tumechoka. Tukamwambia awatulize watu, na kwamba tungefika kesho yake mchana baada ya semina. Katekista hakubishana nasi. Alimwita mkewe, wakachukua mkeka na Rozari, wakalala mlangoni pa chumba cha bibi mpaka kukapambazuka. Kabla ya kulala aliwaambia wanaume waliokuwapo neno moja: "Redio ikiharibika anaitwa fundi. Mganga haiponyi." Tunawaomba makatekista mlikumbuke neno hilo. Halikuwa limeandikwa katika kitabu chochote cha mafundisho, lakini usiku ule lilitosha kumwokoa mtu.

Kesho yake tulimkuta fundi akifika, kijana Mwislamu mwenye kibanda cha kutengeneza redio karibu na barabara. Alimwamkia bibi kwanza, akiwa nje ya dirisha la jiko, kisha akaingia. Alifungua skrubu, akaondoa kifuniko, akatuita tuone. Chini ya sinia mna kijicho kidogo cha kioo, kisichozidi punje ya dengu. Kwa kupitia lenzi hiyo hupita mwanga wa leza ambao macho ya binadamu hayauoni. Ndio unaoipiga diski kwa chini, ukarudi na habari za vijishimo vidogo mno vilivyochapwa humo, na vijishimo hivyo ndivyo vinavyogeuzwa kuwa sauti. Alituonya tusikichungulie chombo kikiwa na umeme, maana mwanga huo, ingawa hauonekani, waweza kulidhuru jicho. Akazima, akatuonyesha. Lenzi ilikuwa na utando wa kijivu: vumbi la barabara, na juu yake mafuta ya moshi kutoka jikoni, kwa kuwa redio ilikaa karibu na mlango wa kutokea uani.

Alichovya pamba katika spiriti, akafuta taratibu, bila kubonyeza, akiuzungusha mkono kama mama afutaye jicho la mtoto. Kazi yenyewe haikumaliza dakika tano. Akairudisha diski. Katika kioo cha mbele zikatokea namba, na kwaya ikaanza kuimba.

Tulisikiliza mpaka mwisho. Maneno ya marehemu hayakuwa marefu. Aliwashukuru mkewe, wanawe na wanajumuiya. Kisha akawaambia watoto kwamba wasije wakadhani nyumba ile ilijengwa na kiwanda cha samaki. Ilianzishwa na mama yake, aliyebanika samaki kwa miaka mingi kando ya ziwa ili yeye apate sare, daftari na nauli ya shule. Akasema kwamba macho ya mama yake ndiyo yaliyolipa.

Bibi hakuwamo sebuleni. Alikuwa jikoni, lakini spika zile zilikuwa na nguvu. Yule kijana aliinuka, akatoka, akapiga magoti mlangoni pa jiko. Bibi alikaa kimya, kisha akamwambia: "Inuka, mjukuu wangu. Nilikuwa nafuta vumbi. Baba yako hakupenda vumbi."

Ndugu wapendwa, tuyarudie sasa masomo yetu tukiwa na kisa hiki moyoni.

La kwanza. Lenzi yenye utando haikusema, "Mimi sioni." Ilisema, "Humu hamna kitu." Diski ilikuwapo, imejaa nyimbo na baraka ya baba, lakini jicho lililochafuka likatangaza kwamba haipo. Ndivyo alivyo mtu mwenye boriti. Kamwe hasemi kwamba jicho lake ni bovu. Husema jirani yake ni mbaya, mkwewe hana shukrani, bibi yake ni mchawi. Kwa hiyo Bwana wetu hatuambii kwamba kibanzi cha ndugu yetu hakipo, wala hatukatazi kumsaidia. Anatufundisha utaratibu: kwanza jicho lako, ndipo uone sawasawa. Na tukumbuke kwamba redio ile ilikuwa nzima katika mambo mengine yote. Kanda iliimba, stesheni zilisikika, taa ziliwaka. Vivyo hivyo mtu aweza kuhudhuria Misa, kuimba katika kwaya, kutoa zaka na kuwa kiongozi wa jumuiya, na bado lenzi yake ikawa na utando. Taa zinazowaka mbele hazithibitishi kwamba jicho la ndani ni safi.

La pili. Zamani tulizoea santuri, ambazo sindano yake huanza ukingoni ikaelekea katikati. Diski ya CD husomwa kinyume: mwanga huanzia karibu na kitovu, ukaenda polepole kuelekea nje. Kristo anatuambia leo kwamba mtu mwema hutoa yaliyo mema kutoka katika hazina njema ya moyo wake, na kwamba kinywa hunena yale yaliyoujaa moyo. Naye Yoshua bin Sira, katika somo la kwanza, ametukumbusha kwamba chekeche likitikiswa takataka hubaki, kwamba tanuru huvijaribu vyombo vya mfinyanzi, na kwamba mtu hupimwa kwa maneno yake. Basi usiku ule wa Pasiansi ulikuwa chekeche. Ulipotikiswa, kwa baadhi ilitoka hofu iliyokuwa imelala ndani siku nyingi. Kwa katekista na mkewe yalitoka mkeka na Rozari. Hakuna aliyepata muda wa kujitengenezea moyo mwingine saa ile. Kilichokuwa ndani ndicho kilichosikika.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mkristo hana ruhusa ya kuishi kwa methali hiyo pale sifa ya mtu inapochafuliwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477, inafundisha kwamba hata mtu anayekubali kimoyomoyo kosa la jirani yake kuwa kweli, bila msingi wa kutosha, ana hatia ya kuhukumu ovyo. Tazameni: hata kimoyomoyo, kabla ya kutamka! Namba inayofuata inataka kila mtu ajitahidi kuyapokea maneno na matendo ya mwenzake kwa maana iliyo njema, kadiri iwezekanavyo. Bibi alionekana akiipapasa redio kwa kanga. Maana njema ilikuwapo, tena ilikuwa nyepesi kuliko zote: alikuwa anafuta vumbi. Katika nyumba ile nzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameanza kazi ambayo fundi alikuja kuimaliza.

La tatu. Zaburi ya leo inawasifu wenye haki kwa kuwafananisha na mitende na mierezi, na kusema kwamba hata katika uzee wataendelea kuzaa matunda. Kijana mmoja, kabla fundi hajafika, alishauri redio ile itupwe kwa kuwa imepitwa na wakati. Kwa redio hilo ni shauri tu. Lakini mawazo ya kutupa yana tabia ya kuhama kutoka kwenye vitu kwenda kwa watu. Mzee asiyesikia vizuri, anayejibu polepole, anayekaa jikoni peke yake, naye huanza kuhesabiwa miongoni mwa vitu vilivyopitwa na wakati. Na mtu akishahesabiwa hivyo, ni rahisi kumzushia lolote. Tuwatazame wazee wetu kama diski ile katika kitambaa cheupe: wimbo umo ndani; lililobaki ni jicho la kuusoma.

Tusidanganyane kwamba kila kitu kilikwisha siku ile. Lenzi ilisafishwa kwa dakika tano, lakini maneno yaliyokwisha kutoka langoni hayakurudi yote. Maji yakimwagika hayazoleki. Miezi mingi baadaye walikuwapo majirani waliowakataza watoto wao kupokea ndizi mkononi mwa bibi yule. Yule kijana, kwa ushauri wa katekista, alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba alikosea. Hiyo ndiyo malipizi ya kweli: uongo uliosambazwa kwa miguu haufutwi kwa kuungama kitubioni peke yake, nao unadai miguu. Nasi tuliochelewa tulimwomba bibi radhi. Alitucheka kidogo, akatukaribisha chai.

Jumatano ijayo tutapakwa majivu na kuanza Kwaresima. Tunapendekeza mambo matatu ambayo Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kuyatenda, wala hayahitaji bajeti kubwa.

Kwanza, kila usiku kabla ya kulala, kila mmoja ataje mbele ya Mungu mtu mmoja aliyemwona vibaya siku hiyo, na ajiulize: je, nilimwona yeye, au niliona vumbi langu? Vumbi la lenzi haliingii siku moja. Huingia kila siku kidogo kidogo. Basi nayo pamba yetu iwe ya kila siku, na sakramenti ya Kitubio isingoje Pasaka.

Pili, jumuiya ikubaliane kwamba ugonjwa huenda hospitali, chombo kibovu huenda kwa fundi, na ugomvi huenda kwa wazee na viongozi; hakuna jambo litakalopelekwa kwenye ramli chonganishi. Wala asizungumziwe mtu asiyekuwapo kana kwamba amekwisha kuhukumiwa. Na kiongozi akisikia uvumi wa kumdhuru mzee, aende usiku ule ule, na awaarifu wenye mamlaka ya ulinzi. Asifanye kama tulivyofanya sisi.

Tatu, tuwatembelee akina bibi mahali wanapopika. Wanaume wa jumuiya ile ya Pasiansi walitoboa dirisha katika ukuta wa jiko, wakajenga jiko jipya la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Kazi ya Jumamosi mbili. Macho ya bibi hayakurudi kuwa meupe, lakini aliacha kukohoa usiku. Mtume Paulo anatuhakikishia katika somo la pili kwamba taabu yetu katika Bwana si bure. Tunaamini kwamba hata dirisha lile limo katika hesabu hiyo.

Bwana wetu Yesu Kristo, aliyepaka tope macho ya kipofu akamponya, ayafute macho yetu kwa mkono wake mpole, ili tusiseme kamwe juu ya ndugu yetu kwamba ndani yake hamna kitu. Kwa maombezi ya Bikira Maria, Mama aliyeyaweka yote moyoni mwake kabla ya kusema neno, Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.